Kalenda ya marehemu baba ya 1984: tarehe nne zimezungushiwa kalamu. Wakongwe, mwaka ule kulikuwa na nini?

#1 Mtoto wa Kihonda

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita tulikuwa tunabomoa ukuta wa stoo nyumbani kwa wazazi, Kihonda, Morogoro. Nyuma ya kabati la vyombo nikakuta kalenda ya ukutani ya 1984, karatasi moja kubwa yenye miezi yote. Mchwa wamekula pembe ya Desemba tu. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori na hakuwa mtu wa kuandika kabisa, hata barua tulikuwa tunamwandikia sisi. Ajabu ni kwamba kwenye hiyo kalenda amezungushia tarehe nne kwa kalamu ya wino:

30 Januari. 12 Aprili. 24 Aprili. Na 1 Julai, hii ya mwisho imezungushiwa mara mbili mpaka karatasi imetaka kutoboka.

12 Aprili hata mimi niliyezaliwa 1988 naijua, ni Sokoine. Hizo nyingine? Nimemuuliza mama, kanijibu "baba yako alikuwa na mambo yake" akaendelea kuchambua mchele. Nisaidieni.

#2 Fundi Saa

30 Januari ni mshahara. 24 Aprili ni kodi ya nyumba. 1 Julai anadaiwa. Uzi ufungwe, tukalale.

#3 Mzee wa Tochi

Fundi Saa, wewe kila uzi unawaza mshahara.

Kijana, baba yako alikuwa anasikiliza redio. 30 Januari 1984, Jumatatu, ndiyo siku Aboud Jumbe aling'oka. Alikuwa na kofia tatu: Rais wa Zanzibar, Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Muungano na Makamu Mwenyekiti wa CCM. Zote zilivuka kwa mpigo baada ya kikao cha Halmashauri Kuu ya Taifa, Dodoma. Lugha ya wakubwa ilikuwa "kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa Zanzibar". Sisi tuliokuwa shule tulidhani kuna kimbunga.

12 Aprili, Alhamisi, Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu, anatoka Dodoma kwa gari kurudi Dar, anafia Dakawa. Umri miaka 45.

24 Aprili, Jumanne, Salim Ahmed Salim anateuliwa Waziri Mkuu kutoka Mambo ya Nje.

Sasa zipange uone. Mwaka unaanza, Mwalimu ameshadokeza kwamba 1985 hatagombea tena. Waliokuwa karibu kabisa na kiti ni wawili, Jumbe na Sokoine. Ikifika Mei Mosi, mmoja ni raia wa kawaida na mwingine yuko kaburini Monduli. Dai langu ninaloishi nalo miaka yote: urais wa 1985 uliamuliwa ndani ya siku 73, kutoka Dodoma mpaka Dakawa. Yaliyofuata ni kujaza fomu tu.

1 Julai ndiyo inanishinda.

#4 Ngorika

Naweka kambi hapa. Nyuzi za Mzee wa Tochi huwa hazipungui kurasa kumi.

#5 Kitenge cha Urafiki

Shikamoo wakongwe. Nina swali la kitoto: Sokoine alikuwa Waziri Mkuu mwaka mmoja tu, si ndiyo? Mbona anaongelewa kama alikaa kumi?

#6 Mzee wa Tochi

Marahaba. Hapana binti, alikuwa mara mbili. Ya kwanza 1977 mpaka 1980, akakaa pembeni, akaja Cleopa Msuya. Akarudi Februari 1983 mpaka mauti. Huo unaousema wewe ni mzunguko wa pili, ule wa vita ya walanguzi. Ndio watu wanaoukumbuka.

#7 Mkaanga Sumu

Wanaoukumbuka kwa mapenzi ni wale ambao hawakuguswa nao, mkuu #6. Mimi baba yangu alikuwa na kiduka cha mtaani, mkoa siutaji. Msako wa 1983 walipita nyumba hadi nyumba. Walimkuta na mabunda ya khanga na katoni za sabuni ambazo stakabadhi zake alishazipoteza. Alikaa ndani miezi, akatoka bila kesi, bila sabuni, bila khanga. Hakufungua duka tena mpaka anakufa. Jirani yetu yeye alitupa sukari yake mtoni usiku, na asubuhi watoto wakaenda kuonja maji.

Sipingi kwamba Sokoine alikuwa msafi. Sikuwahi kusikia mtu akisema aliiba hata kijiko. Lakini mtu msafi akikupitishia fagio nawe umo ndani ya vumbi, utaumia tu.

#8 Bi Mkora

Mkaanga Sumu pole mwanangu. Kwetu hatukuwa na duka, tulikuwa na foleni. Unaweka jiwe lako alfajiri mbele ya duka la ushirika, unakwenda kisimani, unarudi unakuta jiwe lako limesogezwa nyuma na mawe ya watu wenye shangazi ndani. Nguo tulifulia majani ya mpapai. Unga wa msaada ulikuwa wa njano, tukiuita unga wa Yanga. Watu wa Simba nao wanaula kimya kimya.

Kwa hiyo Sokoine aliposema bidhaa zimefichwa, sisi tuliamini. Na kweli zilipokuwa zinatolewa mafichoni, wiki chache sabuni tuliiona.

Siku ile 12 nilikuwa nauza ndizi pale Msamvu. Jioni magari yakapita kwa kasi kuingia mjini, hakuna aliyejua nini. Tumefika nyumbani, redio ikakatiza kipindi. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetangaza. Alianza vizuri, sauti ikabadilika katikati. Mume wangu alikuwa amekalia ndoo, hakuinuka mpaka giza.

#9 Fundi Saa

Mimi ni Simba na unga wa Yanga nimeula. Nakiri mbele ya wajumbe.

#10 Jicho la Usiku

Nasubiri mtu aseme ukweli kuhusu Dakawa naona mnazunguka mbuyu. Gari lililogonga Benzi ya Waziri Mkuu lilikuwa Land Cruiser, dereva mpigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini. Msafara wenye ving'ora, barabara nyeupe, mchana. Inawezekanaje? Angalieni pia mwezi mmoja nyuma: 16 Machi 1984, Msumbiji na makaburu wanasaini Nkomati, mkataba wa kutowahifadhi wapinzani wa kila mmoja. Walanguzi walikuwa na pesa, makaburu walikuwa na sababu. Malizieni wenyewe.

#11 Mtoto wa Kihonda

Jicho la Usiku, hapo Dakawa nimepita mara nyingi, kuna mnara wa kumbukumbu, na kijiji chenyewe kinaitwa Wami Sokoine. Baba kila tukipita alikuwa anapunguza mwendo na kuzima redio. Sikuwahi kumuuliza.

#12 Mpima Ardhi

#10, umeunganisha vitu viwili ambavyo havikuhitaji gundi. Watu wa ANC hawakuletwa Morogoro na Nkomati. Mazimbu kulikuwa na shule yao tangu miaka ya sabini, na Dakawa walipewa eneo mapema miaka ya themanini. Barabara ya Dodoma–Morogoro ilikuwa njia yao ya kila siku, kwa hiyo kukutana na Land Cruiser ya ANC hapo ni sawa na kukutana na bajaji Mwenge.

Ninachokubali ni kwamba baada ya Nkomati wengine wengi waliondolewa Msumbiji. Kuanzia hapo ni wewe na mto wako wa kulalia.

Na ving'ora visikudanganye. Nimeendesha barabara ile miaka ya tisini ikiwa bado nyembamba, lori likikwepa shimo linakuja upande wako. Viongozi wangapi tumewazika kwa ajali za barabarani nchi hii, na wote walikuwa na madereva waliofundishwa?

#13 Jicho la Usiku

Ndivyo wanavyosemaga.

#14 Nungwi Kaskazini

Salamu kwenu watu wa bara. Naona mmefika Dakawa mbio, Jumbe mmemruka kama kidimbwi. Ngoja nikuelezeni ya kwetu.

Mwaka 1983 Chama kilitoa mapendekezo ya kubadili Katiba, watu wajadili. Kulikuwa na madaraka ya Rais, madaraka ya Bunge, uwakilishi, madaraka ya umma, na moja likiitwa "kuimarisha Muungano". Basi hilo moja ndilo lililowasha moto Unguja na Pemba. Watu walisema redioni na barazani mambo ambayo walikuwa wakiyasema chumbani. Mkataba uko wapi? Serikali ya tatu, ya Tanganyika, kando ya ile ya Zanzibar na ya Muungano, iko wapi? Mzee Jumbe akatayarisha hoja apeleke kwenye Mahakama Maalum ya Katiba, ile ambayo Katiba ya 1977 imeitaja na haijawahi kukaa hata siku moja. Mwanasheria wake Mkuu alikuwa mtu wa Ghana, Bashir Swanzy. Karatasi zikafika Dodoma kabla yake mwenyewe. Vipi zilifika, kila baraza ina hadithi yake, na mimi si mtu wa kusema marehemu.

Kwa hiyo Mzee wa Tochi, hilo lako la "urais wa 1985" ni macho ya kibara. Jumbe hakuondoka kwa sababu ya kiti cha Mwalimu. Kaondoka kwa sababu ya serikali tatu.

#15 Mzee wa Tochi

Nungwi karibu sana. Lakini haya yako hayapingani na yangu. Mtu anaweza kuanguka kwa sababu moja na anguko lake likamfungulia njia mtu mwingine kabisa. Siku ileile ya 30 Januari aliyeshika Zanzibar ni nani? Ali Hassan Mwinyi. Na 5 Novemba 1985 aliyeapishwa kuwa Rais wa Muungano ni nani? Mwinyi huyohuyo. Jumbe asingeng'oka, Mwinyi angebaki waziri mpole asiyetajwa sana, aliyejiuzulu Mambo ya Ndani miaka ya sabini kwa makosa ya watu wa chini yake kule Shinyanga.

#16 Nungwi Kaskazini

Hapo nakupa nusu. Lakini ongeza na hili: uchaguzi wetu ulikuwa 19 Aprili, Alhamisi, wiki moja kamili baada ya Sokoine. Mgombea mmoja, ndiyo au hapana. Nyinyi mko msibani sisi tuko kwenye foleni ya kura. Waziri Kiongozi, Ramadhani Haji Faki, naye alishaondoka Februari, akaingia Maalim Seif Sharif Hamad. Kijana wa Pemba, kiti hicho! Pemba walichinja.

Na Mwinyi na Seif hao ndio waliofungua milango ya biashara. Nyie mkisugua majani ya mpapai, Darajani redio zimepangwa mpaka barazani. Watu wa bara walikuwa wakivuka kuja kununua khanga na vitambaa, wanavaa tano tano mwilini kurudi Dar ili wasikaguliwe. Mtu anaondoka mwembamba anafika bandarini mnene.

#17 Bi Mkora

Nungwi nyamaza, mimi nilikuwa mmoja wao 😂 Joto lile nusura nizimie kwenye boti.

#18 Kitenge cha Urafiki

Jumbe aliishia wapi?

#19 Mpima Ardhi

Mji Mwema, Kigamboni. Alikaa huko kimya miaka yote na akafariki 2015.

#20 Nungwi Kaskazini

2016. 14 Agosti 2016. Na si kimya yote, aliandika kitabu kuhusu Muungano na miaka yake thelathini ya misukosuko. Msitunyime hata mwaka mmoja.

#21 Mpima Ardhi

Nimekosea, asante kwa kunirudisha.

#22 Jirani wa Isebania

Niaje wadau. Mimi ni Mkenya, hapa mpakani, Sirari naiona nikiwa kitandani. Kaka mwenye kalenda, hebu angalia tarehe 14 Mei kama haina alama. Siku hiyo Moi, Obote na Nyerere walikutana Arusha kutia sahihi mkataba wa kugawana mali ya ile Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika 1978. Reli yako, ndege zangu, deni la nani. Msuluhishi alikuwa Mswisi, Umbricht, na kazi hiyo ilimmeza miaka.

Kwetu sisi 1984 ni mwaka wa kwanza kamili wa mpaka kuwa wazi. Ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, ukafunguliwa Novemba 1983. Nyanya yangu alikuwa na dada ng'ambo ya pili, kilomita nne, hawakuzikana. Yaani walikuwa wanaitana kwa njia za panya usiku.

#23 Mzee wa Tochi

Karibu jirani. Jumuiya ilivunjika 1977, hiyo 1978 umeteleza. Mengine yote uko sawa.

#24 Mtoto wa Kihonda

14 Mei haina alama. Ila nimeangalia vizuri kwa tochi, 26 Aprili kuna kidoti kidogo cha wino. Sijui ni yeye au nzi.

#25 Ngorika

26 Aprili 1984 ni Muungano kutimiza miaka ishirini. Siku mbili baada ya Salim kuteuliwa. Sherehe ya miaka ishirini nchi ikiwa na Rais mpya Zanzibar, Waziri Kiongozi mpya, Waziri Mkuu mpya na kaburi jipya Monduli. Kama ni nzi, basi ni nzi anayefuatilia siasa.

#26 Mkaanga Sumu

Mnaongelea vyeo tu. Wanaume wawili wameondoka, wawili wameingia, na sisi tuliobaki chini ikawaje? Tukio kubwa la 1984 ni bajeti ya Juni, na Waziri wa Fedha alikuwa Msuya yuleyule. Shilingi ikashushwa thamani. Ruzuku ya sembe ikaondolewa. Halafu kile kilichobadilisha maisha yetu: mwenye fedha zake za kigeni aingize bidhaa, asiulizwe kazipata wapi.

Yaani mwaka uliopita baba yangu alikamatwa kwa mabunda ya khanga. Mwaka uliofuata mtu analeta kontena la khanga anapigiwa saluti. Ndipo mitumba ilipoanza kumwagika. Watu wanamsifu Mwinyi kwa ruksa, ila mlango ulianza kufunguliwa Nyerere akiwa bado Ikulu, miezi miwili tu baada ya Sokoine kuzikwa. Kwa hiyo hiyo 1 Julai ya baba yako, kijana, ni mwaka mpya wa fedha. Dereva wa lori lazima aizungushie mara mbili. Mizigo inarudi!

#27 Fundi Saa

Hii nimeikubali hata mimi. Alikuwa dereva wa lori la nani?

#28 Mtoto wa Kihonda

La tajiri mmoja wa mjini hapa. Alikuwa anapeleka mahindi na pamba, na kurudi na chochote. Mama anasema kuna kipindi lori lilikaa uani kwa tajiri miezi kwa kukosa matairi na dizeli, na baba akawa analima mpunga.

#29 Mpima Ardhi

Mkaanga Sumu, hoja yako nzuri ila unamuweka Sokoine upande mmoja kama vile alikuwa ukuta. Daladala za Dar ziliruhusiwa kisheria lini? 1983, Sokoine akiwa Waziri Mkuu. Kabla ya hapo ilikuwa UDA, shirika la mabasi la umma, peke yake na chai maharage, magari ya abiria ya kujificha. Alikuwa anakamata kwa mkono wa kulia na kuachia kwa wa kushoto. Angeishi mpaka Juni labda bajeti ingekuwa ileile.

#30 Mkaanga Sumu

Labda. Au labda isingesomwa. Hapo ndipo kaburi linapotushinda.

#31 Mwana wa Magadu

Wote mmekosa. 1 Julai 1984 ndiyo siku Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilipoanza rasmi, hapahapa Morogoro. Kabla ya hapo kilikuwa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtu wa Kihonda, mji wake unapata chuo kikuu chenye jina la mtu aliyekufa njia ya mjini kwake chini ya miezi mitatu nyuma, kwa nini asizungushie mara mbili? 12 Aprili na 1 Julai ni habari moja, sura mbili.

Mimi nimesoma pale. Wazee wa kazi walikuwa wanatuhadithia jinsi jina lilivyobandikwa haraka, watu bado wana vitambaa vyeusi.

#32 Mzee wa Tochi

Mwana wa Magadu, umenipiga. Nimekaa na tarehe hii siku mbili sikuiona. Na mimi mwanangu kasoma hapohapo!

#33 Fundi Saa

Mzee kakubali? Mtu apige picha.

#34 Mzee wa Tochi

Nimekubali tarehe, sijakubali kwamba dereva anafuatilia vitivo.

#35 Nungwi Kaskazini

Nyote mwasahau kwamba 1 Julai si tarehe ya kupita hivihivi. Wiki inayofuata ni Saba Saba, na Saba Saba ya 1984 TANU ingekuwa inatimiza miaka thelathini. Huenda mzee alikuwa anahesabu siku za kupeleka mizigo ya sherehe.

#36 Ngorika

Kwa hiyo tuna bajeti, chuo, Saba Saba, na deni la Fundi Saa.

#37 Wakili wa Mtaa

Nimechelewa. Mbona hakuna aliyetaja kazi kubwa kuliko zote ya mwaka ule? Ni mabadiliko ya Katiba. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba ya Muungano 1984, kwa mara ya kwanza tangu uhuru. Serikali ikajipa muda kabla watu hawajaweza kuzidai mahakamani, ikawa mpaka 1988. Ukomo wa Rais wa vipindi viwili vya miaka mitano uliingia hapohapo. Kila mara mnaposhangilia Rais anaaga Ikulu kwa amani, mnashangilia 1984. Zanzibar nayo ikapata Katiba yake ya 1984 inayotumika mpaka leo, na viraka vyake.

Chekeni kidogo pia: Waziri wa Sheria wakati ule alikuwa Jaji Joseph Warioba. Jumbe kaondoka kwa serikali tatu, Warioba yumo serikalini. Miaka karibu thelathini baadaye Tume ya Warioba inaleta rasimu 2013. Inasema nini? Serikali tatu.

#38 Nungwi Kaskazini

Wakili, nimekaa nikaisoma mara mbili ili niifurahie vizuri. Mzee Jumbe alikuwa hai, kule Mji Mwema. Sijui alicheka au vipi.

#39 Jicho la Usiku

Na Salim mbona mmempita? Waziri Mkuu, mtu wa Umoja wa Mataifa, karibu awe Katibu Mkuu 1981, Nyerere anampenda. Kwa nini 1985 hakupita akapita Mwinyi? Hapo ndipo dai la Mzee wa Tochi la siku 73 linapokufa. Aprili mechi ilikuwa haijaisha, Salim ndiyo kwanza anaingia uwanjani.

#40 Mzee wa Tochi

Leo umeongea, Jicho. Hilo naliwaza bado.

Wapo wanaosema Wazanzibari wenzake wa Chama cha Mapinduzi, wale wenye kumbukumbu za kabla ya Mapinduzi ya 1964, hawakumtaka. Wapo wanaosema ujana wake, alikuwa na miaka 43 tu. Wapo wanaosema Mwinyi alituliza Zanzibar kwa mwaka mmoja na nusu, na Mwalimu akaona mtu anayezima moto bila kelele ndiye anayefaa. Ukinibana nitasema hilo la tatu, ambalo linanirudisha 30 Januari. Ila nitakupunguzia: siku 73 ziliondoa watu wawili, hazikumchagua wa tatu.

Novemba mwaka huohuo Mwalimu akachukua uenyekiti wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Addis Ababa, kikao ambacho Morocco iliondoka kwa hasira ya Sahara Magharibi. Mtu nyumbani kwake kumechakaa hivyo, akaongeza bara zima.

#41 Jirani wa Isebania

Wacha wee. Sisi huku tulikuwa na njaa mwaka huo, ukame wa 1984, mahindi ya manjano pia. Sisi hatukuyapa jina la timu lakini.

#42 Bi Mkora

Jirani, yalikuwa yanachachuka, ugali unanuka kama gunia. Dawa yake unachanganya na mhogo kidogo.

#43 Kitenge cha Urafiki

Bi Mkora, mhogo mbichi au makopa?

#44 Bi Mkora

Makopa. Unatwanga, unachekecha, robo kwa robo tatu.

#45 Fundi Saa

Turudi kwenye mada. Mtoto wa Kihonda, nina swali la kihesabu, usikasirike. Una kaka au dada aliyezaliwa mwaka 1985?

#46 Mtoto wa Kihonda

Dada yangu mkubwa. 3 Aprili 1985. Kwa nini?

#47 Fundi Saa

Hamna kitu. Nilikuwa nahesabu miezi tu. 1 Julai 1984 ilikuwa Jumapili, lori liko uani, hakuna dizeli.

#48 Ngorika

😂😂😂 Uzi umekufa.

#49 Mwana wa Magadu

Mnataka kuniambia kalenda ya mtu na mkewe mmeiletea mabadiliko ya Katiba?

#50 Mzee wa Tochi

Hilo haliifuti bajeti. Mtu hazungushii tarehe kama hiyo kwenye kalenda ya ukutani wageni waione.

#51 Mtoto wa Kihonda

Wakuu nimerudi. Leo nilimpelekea mama kalenda sebuleni, nikamwonyesha 1 Julai, nikamuuliza ni mambo ya bajeti, chuo, au nini. Ameishika muda mrefu. Akaniuliza kama dada ameiona. Nikasema bado. Akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya kanga kiunoni, akaniambia niende dukani nikamnunulie sukari nusu.

Niliporudi nilikuta amelala.

#52 Nungwi Kaskazini

Mwache mama yako. Na kile kidoti cha 26 Aprili mtuachie sie.